Mtaka cha Mvunguni: Aida Overton Walker na Swali la Kuinama

Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni, kikundi chetu cha maigizo kilinipa nafasi ya askari. Mwaka wa pili kikanipa nafasi ya askari tena. Sikuwa nimeiomba. Michezo yetu ilikuwa kwa Kiingereza na Kiluganda, na kila palipohitajika mtu wa kuingia jukwaani na kuleta kicheko, aliingia askari anayesema Kiswahili. Mimi ni binti mfupi, mwanafunzi wa Kiswahili, tena nimezaliwa na kulelewa katika kambi ya polisi hapa Kampala, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya bombani, ya jikoni na ya watoto wanaocheza mpira. Wenzangu walisema, nani atatufaa kuliko yeye? Nikavishwa koti kuukuu la mvua la rangi ya kijani, kwa kuwa raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi, nikapewa na bunduki ya mbao. Maneno yangu yalikuwa machache: "Wewe natoka wapi? Kaa chini! Leta kitambulisho!" Kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, ukumbi mzima ulikuwa umeshika mbavu.

Sitaki kumdanganya msomaji: nilifurahi. Kumfanya mtu usiyemjua acheke mpaka afute machozi ni raha kubwa, na aliyeionja mara moja huitamani tena. Lakini usiku wa pili mama yangu alikuja kutazama. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hivyo ndivyo tunavyosema sisi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni mchezo tu, Mama, naye akanyamaza. Insha hii ni jaribio la kulijibu swali lake, nami nimeomba msaada kwa mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika nchi nisiyowahi kuiona. Nilikutana naye katika somo la historia ya tamthilia, katika aya moja fupi ambayo mhadhiri aliipita haraka. Mimi sikuweza kuipita. Jina lake ni Aida Overton Walker.

Swali lenyewe naliweka hivi: je, ni halali kwa msanii kukubali nafasi iliyotungwa ili kumdhalilisha yeye na watu wake, kwa matumaini kwamba ataibadilisha akiwa ndani?

Aida alizaliwa mwaka 1880, miaka 15 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani, akakulia New York. Ili kuielewa kazi yake ni lazima kwanza kuielewa nyumba aliyoikuta imekwisha jengwa. Tangu miaka ya 1830, burudani iliyopendwa sana Marekani ilikuwa maonyesho ambayo Wazungu walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakachora midomo mikubwa, wakaimba na kucheza wakijifanya watu weusi. Mtu mweusi wa maonyesho hayo alikuwa mvivu, mwizi wa kuku, mjinga anayependa maneno makubwa asiyoyajua. Watu weusi wenyewe walipoanza kupata nafasi ya kupanda jukwaani kwa wingi, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hawakuruhusiwa kuja na sura zao. Wengi wao walijipaka masizi vilevile, juu ya ngozi ambayo tayari ilikuwa nyeusi. Mtazamaji alikuwa amelipia kitu fulani, na kitu hicho hakikuwa binadamu.

Akiwa bado kijana wa miaka kumi na kitu, Aida alijiunga na kundi lililoongozwa na mwimbaji Sissieretta Jones. Huyu Jones alikuwa na sauti iliyosomeshwa, sauti ya opera, na mwaka 1892 alikuwa ameimba Ikulu ya Marekani mbele ya Rais. Hata hivyo majukwaa ya opera ya nchi yake yalimfungia milango kwa sababu ya rangi. Akaunda maonyesho yanayoanza kwa vichekesho na ngoma, na mwishoni kabisa yeye husimama na kuimba vipande vya opera. Watu walikuja kwa ajili ya vichekesho, wakaondoka wamesikia opera. Nadhani hapo ndipo Aida alipopata somo lake la kwanza kuhusu biashara hii: mlango wa mbele umefungwa, lakini upo mlango wa nyuma, na anayepita huko hupita ameinama.

Mwaka 1899 aliolewa na George Walker, ambaye pamoja na mwenzake Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, walikuwa wachekeshaji wanaopanda kwa kasi. Historia ya wawili hawa ina jambo ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulisoma akatulia. Mwaka 1894 yalifanyika maonyesho makubwa San Francisco, na moja ya vivutio vyake lilikuwa kijiji cha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo tunaiita Benin na ambayo wakati huo Wafaransa walikuwa ndiyo kwanza wameishinda kwa vita. Watu wa Dahomey walichelewa kufika. Waandaaji wakatafuta vijana weusi wa mjini wa kujifanya Wadahomey mpaka wenyewe watakapokuja, na miongoni mwa waliokodiwa ni Williams na Walker. Walker mwenyewe alieleza baadaye kwamba wageni wa kweli walipofika, wao wawili waliendelea kwenda kuwatazama, na kwamba huko ndiko walikoanza kuwaza kwamba siku moja wataleta jukwaani mambo ya Afrika. Hebu fikiri: mtu mweusi analipwa kuigiza Mwafrika ambaye hamjui, mbele ya Mzungu ambaye naye hamjui, na uongo huo unaanza kumfundisha kitu. Walipoingia katika majukwaa makubwa walijitangaza kuwa wao ndio "wale halisi", wakitumia neno la tusi ambalo Wazungu waliwaita watu weusi. Waliona Wazungu waliojipaka masizi wanatajirika kwa kuwaigiza vibaya, wakaamua kuidai biashara hiyo pamoja na tusi lake.

Aida aliingia katika kundi hilo akawa mwigizaji, mwimbaji, na zaidi ya yote mtunzi wa ngoma zake. Tangu mchezo wa Sons of Ham mwaka 1900, umaarufu wake ulikua. Ngoma iliyompa jina ni ile ya keki. Ilianza katika mashamba ya utumwa: watumwa walitembea wawili wawili, vifua mbele, hatua za maringo, wakiigiza jinsi mabwana na mabibi zao walivyojivuna kwenye dansi zao. Mshindi alipewa keki. Mabwana walitazama wakacheka, na wengi hawakujua kwamba wanaochekwa ni wao. Baadaye Wazungu waliojipaka masizi wakaiigiza ngoma hiyo ili kuwacheka weusi. Kisha akaja Aida, mwanamke mweusi, akaisafisha hatua kwa hatua, akaicheza kwa utulivu na madaha, mpaka mabibi matajiri wa New York wakamlipa awafundishe. Mjukuu wa aliyedhihaki sasa anamfundisha mjukuu wa aliyedhihakiwa dhihaka yenyewe, tena kwa ada. Sijui kama mabibi wale walilitambua hilo. Sina shaka Aida alilitambua.

Mwaka 1903 kundi lao lilileta In Dahomey katika ukumbi wa New York Theatre. Ulikuwa mchezo mrefu wa muziki uliotungwa na kuchezwa na watu weusi, na wa kwanza wa aina hiyo kuonyeshwa katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Muziki ulitungwa na Will Marion Cook, na mshairi Paul Laurence Dunbar alichangia maneno ya nyimbo. Watazamaji weusi walikaa juu, mbali na viti vizuri. Waliruhusiwa kuwatazama ndugu zao wakitamba, lakini kutoka darini. Mwezi Mei mchezo ulivuka bahari hadi London, na tarehe 23 Juni 1903 ukaonyeshwa katika bustani ya Buckingham, katika sherehe ya kutimiza miaka tisa kwa mjukuu wa mfalme. Ngoma ya watumwa ilikuwa imefika nyumbani kwa mfalme. Aida alikuwa na umri wa miaka 23.

Mpaka hapa hadithi ni tamu, na ningeweza kuishia hapa nikasema: unaona, Mama, kuinama kunalipa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini insha ya maadili ikichagua yale matamu tu inakuwa tangazo la biashara. Nitaje basi hoja zinazompinga Aida, tena nitazitaja kwa nguvu zake zote.

Hoja ya kwanza ni kwamba kicheko hakikumlinda mtu. Mwezi Agosti mwaka 1900, makundi ya Wazungu yalizuka katika mitaa ya New York yakiwapiga watu weusi waliowakuta. Yalipita yakiita majina ya weusi waliowajua, na majina hayo yalikuwa ya wasanii: Williams na Walker walikuwa miongoni mwao. Huenda wengine katika makundi hayo walikuwa wamelipa kiingilio wiki chache kabla na kuwapigia makofi watu haohao. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Anayesema kwamba kumchekesha mwenye nguvu kutamfanya akupende ana wajibu wa kueleza usiku ule.

Hoja ya pili ni kwamba gharama ya nafasi ya kudhalilisha hailipwi na msanii peke yake. Aida alipata mshahara, nguo nzuri na safari ya London. Bert Williams, aliyejipaka masizi mpaka mwisho, alipata fedha nyingi. Lakini yule mfuaji nguo mweusi wa Virginia, ambaye kesho yake mtoto wa bwana wake atamwita kwa jina la mhusika wa mchezo, alipata nini? Hakuulizwa. Mtu akijidhalilisha kwa hiari yake anaweza kusema mwili ni wangu. Akiidhalilisha picha ya watu wote, anatumia mali ambayo si yake peke yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Anayeingia ili abadilishe hupewa mipaka, naye taratibu huzoea kuishi ndani yake. Aida mwenyewe alilalamika hadharani kwamba katika michezo yao hapakuwa na hadithi ya mapenzi, kwa sababu watazamaji Wazungu hawakuvumilia kumwona mwanamume mweusi na mwanamke mweusi wakipendana kwa dhati. Kuanguka, kuiba kuku na kukosea maneno, yote hayo yaliruhusiwa. Kupenda hakukuruhusiwa. Naye alikuwa mke wa mtu aliyecheza naye jukwaa moja! Kila usiku walipanda pamoja, mume na mke, wakacheza watu wasiopendana. Alieleza pia kwamba kila hatua ndogo ilibidi ifikiriwe mapema, kwa kuwa weusi peke yao ndio waliojua jinsi ilivyo rahisi kumuudhi mtazamaji Mzungu. Je, mtu anayepima kila hatua yake kwa hofu ya mwingine bado ni huru kuitwa mbadilishaji? Au amekuwa mlinzi wa mipaka ileile?

Sasa nimsikilize Aida. Mwaka 1905 aliandika makala katika jarida la Colored American Magazine. Wakati ule watu weusi waliosoma waliionea haya kazi ya jukwaa. Mabinti wa familia zenye heshima walikatazwa hata kuitaja. Aida aliwajibu kwa hoja ya hesabu. Alisema kwamba taaluma yao inapunguza chuki ya rangi kuliko taaluma nyingine yoyote ya watu weusi, kwa kuwa mwigizaji huonwa na Wazungu wengi kwa muda mfupi kuliko wale ambao mtu wa kazi nyingine angeweza kukutana nao. Akataka mabinti wenye heshima waje jukwaani badala ya kulikimbia, na wazee waache kulidharau, kwa sababu jukwaa likiachwa na wenye maadili litabaki na wasio nayo.

Hoja hiyo ni nzuri lakini peke yake hainitoshi. Kuonwa na wengi si sawa na kuonwa vizuri. Hata mimi watu walinitazama usiku ule na hakuna aliyeondoka akikiheshimu Kiswahili zaidi. Kinachonishawishi si makala yake bali ni mambo aliyoyafanya baadaye, nami nitataja matatu.

Kwanza, aliutumia kila mlango uliofunguka ili kudai mlango mwingine. Mwaka 1906 kundi lilicheza Abyssinia, mchezo unaomweka jukwaani Mfalme Menelik wa Ethiopia, miaka kumi tu baada ya jeshi lake kuwashinda Waitalia kule Adwa. Watu weusi wa Marekani wanasafiri kwenda Afrika na kumkuta huko mfalme, tena mwenye hekima kuliko wao. Kicheko kipo, ila safari hii kinamwangukia mgeni mjinga, si Mwafrika. Mwaka 1908, katika Bandanna Land, Aida aliingiza ngoma ya Salome, binti wa habari za Biblia. Miaka hiyo Salome alikuwa gumzo la majukwaa ya Ulaya na Marekani, na ngoma yake ilihesabiwa kuwa sanaa ya juu, mali ya wanawake wa Kizungu. Mwanamke mweusi aliyecheza na kiuno wazi angehukumiwa papo hapo. Aida akaicheza kwa staha, bila mzaha, kama mcheza ngoma wa dhati. Katika mchezo huohuo Bert Williams alifuata na Salome wa kuchekesha, ili mtazamaji apate pia alichokizoea. Hapo nauona mpaka waziwazi, na namwona Aida akiusukuma. Mwaka 1912 aliicheza Salome tena kwa jina lake mwenyewe katika ukumbi wa Victoria wa Hammerstein, New York.

Pili, alilipa gharama yeye mwenyewe. Mwaka 1909 mumewe George alishikwa na maradhi, akawa anasahau maneno na ulimi unamkwama jukwaani, mpaka akashindwa kuendelea. Kundi zima lilitegemea mchezo huo kwa riziki. Aida akavaa suti za mumewe, kofia na fimbo yake, akaimba wimbo wake uliopendwa sana, huku akiendelea na nafasi zake mwenyewe. George alifariki mwaka 1911. Aida aliendelea kufanya kazi katika makundi mengine na kwa jina lake, mpaka naye akafariki New York tarehe 11 Oktoba 1914, akiwa na umri wa miaka 34. Sisemi kwamba kuteseka kunamfanya mtu awe na haki. Nasema tu kwamba hatuwezi kumhesabu pamoja na wale wanaouza heshima ya wenzao kisha wao wenyewe wakastarehe.

Tatu, hakupita mlangoni peke yake. Aliandaa maonyesho ya kuichangia nyumba ya White Rose, iliyowapokea mabinti weusi waliowasili New York kutoka kusini bila mwenyeji wala kazi. Aliwafundisha wasichana wadogo wa jukwaa. Miaka saba baada ya kifo chake, yaani mwaka 1921, mchezo wa Shuffle Along ulifika New York ukiwa na wimbo wa mapenzi wa dhati kati ya mwanamume na mwanamke weusi. Waandaaji walihofia vurugu. Watazamaji walipiga makofi. Kile alichonyimwa Aida walikipata waliokuja nyuma yake. Lakini ukweli lazima usemwe wote: katika Shuffle Along hiyohiyo, wachekeshaji wakuu bado walijipaka masizi. Nyumba ilikuwa imefunguliwa dirisha moja, haikuwa imebomolewa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaye mtu wa kumlinganisha naye. Siti binti Saad, ambaye husemwa kuwa alizaliwa mwaka huohuo wa 1880, alitoka katika ukoo wa kitumwa huko Fumba, Unguja, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Sote tumesoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti naye aliingia katika sanaa iliyokuwa ya wakubwa, akaimba mbele yao, na akaifanya iimbe kwa Kiswahili mambo ya watu wa Ng'ambo. Tofauti ni kwamba Siti hakutakiwa kujifanya mjinga ili aruhusiwe kuimba. Alidharauliwa kwa nasaba na sura yake, lakini wimbo wenyewe ulikuwa wa heshima. Aida alipewa wimbo ambao wenyewe ni tusi. Kwa hiyo mfano wa Siti unatufundisha ujasiri, ila hautujibu swali letu.

Nirudi Kampala. Nilipoanza kuandika insha hii nilikuwa nimekwisha jihukumu: nilikosa, sitavaa koti lile tena. Kisha nikaongea na rafiki yangu mmoja anayetoka Luwero. Nilimweleza uchungu wa mama yangu. Akasikiliza, halafu akaniambia, "Dada, bibi yangu alicheka sana nilipomsimulia askari wako. Sikuwahi kumwona akicheka habari za askari." Bibi yake ni mmoja wa walionusurika vita vya miaka ya 1980 huko Luwero. Kwake yeye Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani, ya mtu mwenye bunduki anayeuliza unatoka wapi. Kwa miaka mingi alilisikia neno "kaa chini" akatetemeka. Sasa mjukuu wake anamwambia kwamba binti mfupi mwenye bunduki ya mbao amelisema jukwaani, na watu wakacheka.

Hapo niliona kwamba nilikuwa nimeuelewa mchezo wetu nusu tu. Kicheko kile kilianza kama ngoma ya keki ilivyoanza: mnyonge anamcheka mwenye nguvu. Kina haki yake, na mimi niliyelelewa kambini sina ruhusa ya kumnyang'anya bibi yule. Ila ngoma ya keki ilihama mikono, na kicheko chetu nacho kimehama. Wengi waliokuwa ukumbini wamezaliwa baada ya vita. Hawakumcheka mwenye bunduki. Walimcheka mtu asemaye Kiswahili, yaani mama yangu anayeuza mandazi penye lango la kambi, na watoto wanaofika shule ya msingi na kuitwa "watoto wa afande" mara wafunguapo kinywa. Katiba yetu iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini jukwaani bado haina kazi nyingine isipokuwa kudai kitambulisho.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kukubali nafasi ya kudhalilisha si dhambi moja kwa moja, wala si ushujaa moja kwa moja. Mwenye kuikubali ana wajibu wa kujiuliza maswali matatu, tena ajiulize kila mwaka, si mara moja tu mlangoni. Kicheko hiki kinamwangukia nani leo, mwenye nguvu au mnyonge? Ni kitu gani kimebadilika katika nafasi hii tangu niichukue? Na nani ameingia nyuma yangu bila kulazimika kuinama kama mimi? Aida angeweza kuyajibu yote matatu, japo si kwa ukamilifu. Mimi, baada ya miaka miwili ya koti la kijani, nilikuwa sina jibu hata kwa moja. Hilo ndilo kosa langu. Kuinama hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba niliinama nikasahau nilichokuwa nikikitafuta mvunguni.

Kuna atakayeniuliza: je, si afadhali kukataa kabisa? Wapo waliokataa, nami nawaheshimu. Lakini kukataa nako kuna mwathirika wake. Nafasi ya askari isingefutwa kwa sababu nimeikataa mimi. Angepewa mwingine asiyejua Kiswahili, naye angekiharibu zaidi, tena bila mama wa kumuuliza swali njiani. Mkono usioweza kuukata, ubusu, walisema wahenga. Mimi ningeongeza tu kwamba anayeubusu asiache kuupima.

Mwaka huu wa tatu wameniita tena. Nilikubali kwa sharti moja: askari apewe jina, na aongezewe tukio moja fupi. Mwenyekiti wa kikundi alisita, akasema litavunja kasi ya mchezo. Mhadhiri wetu mlezi akasema, "Mwacheni binti ajaribu." Tukio lenyewe ni dakika mbili. Askari amemaliza zamu, ameweka bunduki chini, anampigia simu mama yake kijijini na kumuuliza kama mvua imenyesha, kama mbuzi amepona, kama dawa ya mguu aliyomtumia imefika. Anasema Kiswahili cha nyumbani kwetu, kile cha bombani na jikoni, bila kosa na bila mbwembwe.

Usiku wa kwanza walicheka tangu salamu ya kwanza, kwa mazoea. Nikaendelea. Walipofika kwenye mguu wa mama, upande wa mbele ulinyamaza. Upande wa nyuma kulikuwa na kijana mmoja aliyeendelea kucheka mpaka taa zilipozimwa, na huenda atacheka hivyo mwaka ujao pia. Mama alikuwa ameketi safu ya tatu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani hakuniuliza kitu. Alinisahihisha tu neno moja: mbuzi, alisema, hasemwi "amepona" kama hakuwa mgonjwa, na yule wa kwetu alikuwa amevunjika mguu, kwa hiyo ningesema "ameunga". Nikamwambia, nimesikia, Mama. Kesho yake nililisema hivyo.